Mlango wa Kitabu

Zubery alilisema jambo lile akiwa anashona wavu uani, hata uso hakuinua.

"Mama, giza hili likiisha, Asia anakwenda Kibirizi kwa shangazi yake. Shule basi."

Nilikuwa napepeta mchele. Niliuweka ungo chini taratibu.

Mwanangu huyu ni mvuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi wavuvi wote wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Mwezi ukififia wanasema giza limeingia, na hapo huwaoni tena. Zubery mwaka huu anavua kambi ya kusini, mbali na Ujiji, kwa hiyo akiondoka harudi kwetu Kasingirima mpaka mwezi ukue tena. Nilijua akisema "giza hili likiisha", ameshapanga kila kitu na dada yake.

"Kibirizi akafanye nini?" nikamuuliza.

"Akafukuze kunguru kwenye dagaa wanaoanikwa. Hiyo kazi anaiweza."

"Na kusoma?"

Hapo ndipo akaacha sindano. "Mama, juzi niliitwa shuleni. Nikasimama dirishani nikaona kwa macho yangu. Mwalimu kampa kitabu, mtoto kakigeuza nyuma mbele, kakaa nacho vile vile. Darasa zima likacheka. Saumu akalaza kichwa juu ya dawati kwa aibu. Mtoto wa miaka tisa, mama. Hata kukishika kitabu hawezi."

Saumu ndiye mdogo wake Asia. Ana miaka sita, mdomo wake kama cherehani. Mwaka huu alipoanza darasa la kwanza alimkuta dada yake bado yumo humo humo, na kabla ya mvua kubwa kwisha alikuwa ameshampita. Asia, daktari alituambia tangu mchanga kwamba atachelewa: atachelewa kukaa, atachelewa kusema, atachelewa kujifunza. Kweli alichelewa kukaa, lakini alikaa. Alichelewa kusema, na mpaka leo ulimi wake mzito, lakini anasema. Neno alipendalo kuliko yote ni "ngoja".

Zubery hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana lilinichoma. Alikuwa anataka kumwondoa mwanawe mahali anapochekwa. Lakini nilimwona Asia akilini mwangu, mtu mzima, ameketi mchangani Kibirizi na kijiti mkononi, na hakuna anayekumbuka kama aliwahi kupelekwa shule.

"Nipe giza hili," nikamwambia.

"Ulifanyie nini?"

"Nisome naye."

Akacheka kidogo. "Wewe, mama? Na hiyo miwani ya kamba?"

"Kamba imeshika miwani, haikushika macho. Niliishia darasa la nne, lakini nililimaliza."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Haya. Mwezi ukikua narudi. Asome ukurasa mmoja mbele yangu. Asiposoma, mama yangu, usinililie."

Mkewe, Mama Asia, alikuwa jikoni anasikia yote. Sufuria ilinyamaza, kisha ikaendelea.

*

Mwalimu Winfrida ni binti wa Kasulu, mpole, sauti imekauka kwa chaki. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa darasa, watoto wamejaa ndani kama dagaa kwenye gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Asia."

"Bibi, nikueleze ukweli," akasema. "Asia anahitaji mtu wa kukaa naye peke yake, na mimi unaona mwenyewe nilivyozungukwa. Nyumbani mnamsomea?"

"Tumsomee nini, mwalimu? Nyumbani kuna misahafu tu, na karatasi ya bei ya dagaa."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu chembamba chenye picha. "Chukua hiki. Usimuulize maswali kwanza. Msomee tu. Mwoneshe picha, mzungumze. Kila siku kidogo, wakati ule ule. Akichoka, acha."

Nikaona wakati mzuri ni baada ya swala ya alasiri, jua limeshapunguza ukali na bado kuna mwanga wa kutosha kwa macho yangu. Nikatandika mkeka uani kando ya ukuta, nikawaita Asia na Saumu.

Siku za mwanzo ziliharibiwa na wema. Nasoma, "Kuku wa mama", Asia anafungua mdomo atamke, anatafuta neno, na kabla hajalipata Saumu ameshalisema. Mama Asia akipita na beseni naye analisema. Mimi mwenyewe, nikiona anavyokunja uso, nalisema! Tulikuwa tumemzoesha tangu mdogo. Akitaka maji, akianza tu "ma", kikombe kipo mkononi. Nyumba nzima ilikuwa inamalizia maneno ya mtoto huyu, na yeye akaona hakuna haja ya kujisumbua.

Nikaweka sheria. "Kuanzia leo, neno la Asia ni la Asia. Atakayelichukua, hali samaki wetu wa mgebuka jioni."

"Bibi, mimi linanitoka lenyewe!" Saumu akalia.

"Basi uma pindo la kanga yangu. Linapotaka kutoka, uma."

Basi mtoto huyo akawa anakaa kando yangu anatafuna kanga kama mbuzi, macho yamemtoka. Na Asia, kwa mara ya kwanza, akaona ukimya unamngojea.

Lakini kitabu bado alikishika kinyume. Kila nikimpa, anakigeuza, anafungua kutoka nyuma, kidole anakiweka upande wa kulia, juu kabisa. Namgeuzia. Kesho yake ni vile vile. Hasira ilianza kunipanda, nikafikiri pengine Zubery ameona mbali kuliko mimi.

Siku moja nilichelewa kutoka ndani. Nikamwona kupitia mlango wa uani, peke yake juu ya mkeka. Amekunja miguu vizuri. Amevuta mtandio ukafunika nywele. Ameweka kitabu mbele yake, amekigeuza, amefungua kutoka nyuma. Akasema bismillah. Kisha akaanza kuyumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kidole kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto, na midomo inacheza.

Nilisimama pale na mswaki mkononi.

Tangu alipoanza kutembea vizuri, Asia amekuwa akienda chuoni, kwenye madrasa ya Ustadhi Hamdani, pamoja na watoto wa mtaa. Ustadhi yule hana haraka na mtu; amemkalisha miaka na juzuu ya Kurani mapajani, anamshika kidole, anamwonesha herufi. Na kitabu cha chuoni hufunguliwa upande wa kulia, ndiko kinakoanzia. Kwa Asia, hiyo ndiyo maana ya kusoma. Alijifunza kwa taabu, na alichojifunza hakukiachia tena. Tulisema hawezi kushika kitabu, na kumbe alikuwa anakishika vile alivyofundishwa, kwa adabu zote.

Watoto wengine wa Ujiji nao hupita njia hiyo hiyo. Saumu alifungua kitabu kinyume siku ya kwanza, siku ya pili akaona wenzake akabadili, yakaisha. Asia habadili kwa kuona. Asia lazima aambiwe, aoneshwe, angojewe.

Nikakaa naye. "Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "nyumba yetu ina milango mingapi?"

Akafikiri. "Wa mbele. Na wa uani."

"Mgeni anaingilia wapi?"

"Mbele."

"Na mimi nikitoka kuchota maji?"

"Uani."

"Haya. Kitabu cha chuoni mlango wake uko huku," nikagusa mkono wake wa kulia. "Kitabu cha shule mlango wake uko kule," nikagusa wa kushoto. "Vyote nyumba. Milango mbalimbali."

Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Nikajua kesho atakuwa amesahau upi ni upi. Nikaingia ndani nikatafuta hina iliyobaki Iddi, nikaikoroga, nikamchorea ua moja nyuma ya mkono wa kushoto.

"Kitabu cha shule, mlango uko upande wa ua."

*

Jirani yetu ni Agnesi, Muha wa kuzaliwa, anauza mawese, na kwa utani hana mwisho. Asubuhi yake aliingia akiamkia kwa Kiha kama kawaida yake, "Mwakeye!", na kabla hajajibiwa akamshika Asia mkono.

"Yewe! Hina ya nini? Nani anaolewa hapa bila mimi kuambiwa?"

"Mimi," Asia akasema.

"Bwana harusi nani?"

Asia akaenda ndani akaja na kitabu. Agnesi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu hana mahari, Bi Hidaya, mmepunjwa!"

"Lakini halewi," nikamjibu.

Hata hivyo alikaa kidogo akatazama. Asia akaweka kitabu, akatazama mkono wake, akafungua upande wa ua. Kidole cha kulia kikaenda juu kushoto, pale panapostahili. Agnesi akaacha kucheka, akasema polepole, "Ehe." Akaondoka na dumu lake.

Nilipomweleza Mwalimu Winfrida, alijishika kichwa. "Bibi, sisi kwetu kilikuwepo kitabu cha nyimbo za kanisani tu. Hilo nisingelijua. Basi ngoja nimkalishe mbele, nikiwapa vitabu nimguse huo mkono wenye ua." Na alifanya hivyo. Saumu alileta habari nyumbani kwamba siku ile hakuna aliyecheka, isipokuwa yule anayecheka kila kitu.

Nisiseme uongo kwamba mambo yalinyooka. Kulikuwa na siku Asia alikitupa kitabu kwenye banda la kuku. Kulikuwa na siku alisoma "kuku" kila mahali, hata penye "mama", hata penye picha ya kikapu. Jana amelijua neno, leo analitazama kama mgeni aliyeshuka melini. Siku kama hizo sikumlazimisha. Nilisoma mimi, polepole, neno kwa neno, maana miwani yangu haijui mbio, na yeye akaegemea ubavuni kwangu. Nadhani kusoma kwangu kwa kusitasita ndiko kulikomfaa. Saumu alipomsomea alikuwa anamwacha njiani.

Aliyenishangaza ni mama yao. Mkwe wangu yule, tangu alipomzaa Asia na watu wakasema waliyoyasema, huwa hakai mahali tunapozungumzia masomo ya mtoto. Anapata kazi jikoni. Lakini jioni hizo alianza kuleta ungo wake wa dagaa uani, akawa anachambua kando yetu, mgongo ametugeuzia. Siku moja, bila kugeuka, akauliza:

"Huyo kuku wenu hana jina?"

Asia akashtuka. Akatazama picha. "Agnesi," akasema.

Mama yake aligeuka, na nilimwona akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuja nyumba hii bi harusi. "Kwa nini Agnesi?"

"Anapiga kelele."

Tangu hapo alikaa mkekani na sisi, mikono inanuka dagaa, akamweka Asia mapajani ingawa ni mzito sasa. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza habari za picha: kuku amekula nini, paka amelala wapi, mayai yataanguka au hayataanguka. Mimi nikabaki na maneno. Na usiku wote ule wa giza taa za wavuvi zilikuwa zinawaka mbali ziwani, na baba yao alikuwa chini ya taa kama hizo, kule kusini.

*

Mwezi ukakua. Zubery alirudi na migebuka kwenye kikapu, macho mekundu, ngozi imepauka. Akala, akalala, akaswali. Baada ya alasiri akaja uani mwenyewe, akavuta kigoda.

"Haya, mama. Dada ameshapiga simu mara mbili. Nione."

Nilitazama mkono wa Asia. Ua lilikuwa limekwisha. Siku mbili tatu zilizopita lilikuwa limebaki kama kivuli, na mimi na akili zangu za kizee nilisahau kuchora jingine. Sasa mkono ulikuwa mtupu kabisa.

Asia akakunja miguu. Akaweka kitabu chini. Akatazama mkono wa kushoto. Akaugeuza, akatazama kiganja. Akatazama wa kulia. Hakuona kitu. Zubery akanitazama, na mimi nikaitazama ndala yangu, maana ningemtazama mtoto ningemwonesha.

"Asia," Zubery akaanza, "fungua..."

"Ngoja," Asia akasema.

Akausugua mkono wa kushoto pale ua lilipokuwa, kama mtu anayepangusa vumbi apate kuona vizuri. Kisha akafungua. Upande wa kushoto. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akatoa pumzi.

Akasoma. Ilichukua muda mrefu. Jua lilisogea ukutani. "Kuku... wa... mama. Kuku... a-na... mayai." Saumu alikuwa amejaza pindo lote la kanga mdomoni. "Ma-ya-i... yapo... kikapuni. Paka... a-na... a-na-ona... mayai." Akamtazama baba yake.

Zubery akapitisha mkono usoni. Halafu akasema, kwa upole, "Amekariri, mama. Kama chuoni. Mmemsomea mpaka amekariri."

Akainama, akaweka kidole chake kikubwa, chenye makovu ya kamba, katikati ya mstari wa mwisho. Akafunika picha kwa mkono mwingine. "Hili neno gani?"

Lilikuwa "anaona". Asia akalitazama. "Kuku," akasema.

Zubery akauondoa mkono polepole. "Umeona, mama." Hakuwa na furaha ya kushinda. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetamani sana kushindwa.

Lakini Asia alikuwa ameushika ule mkono kabla haujafika mbali. Alikishika kidole cha baba yake kwa vidole vyake vifupi, akakivuta mpaka juu ya ukurasa, upande wa kushoto, akakibana pale.

"Baba. Mlango."

"Mlango gani?"

"Umeingia dirishani," Asia akasema. "Anza mlangoni."

Akakitembeza kidole kile. Neno moja, anasimama. La pili, anasimama. Kila anapofika analitaja, na halivuki mpaka limetoka. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa mwisho akapunguza mwendo. "Paka." Akasogea. Kidole cha Zubery kikawa juu ya lile lile neno. Asia akafunga mdomo, akaufungua, hakikutoka kitu.

Zubery akavuta pumzi ya kusema. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama kwa mshangao kama alipokuwa mtoto, akanyamaza.

Tulikaa. Kuku wa kweli alipita mkekani. Agnesi alisikika upande wa pili wa ukuta anamkaripia mtu. Mwanangu, ambaye hajawahi kumngojea mtoto huyu neno hata moja kwa sababu alidhani kumngojea ni kumtesa, alikaa na kidole chake kimeshikwa, akangoja.

"A," Asia akasema. "A-na. O. A-na-o-na." Kisha uso mzima ukafunguka. "Anaona, baba! Si kuku!"

Akacheka, maana alijua mwenyewe kwamba amekosea mwanzo na kwamba sasa amepata.

Sijui alilisoma neno lile au alilifikia kwa kuyafuata mengine. Nilipomuuliza Mwalimu Winfrida siku nyingine alisema, bibi, watu wote wanaanza hivyo, yeye atakaa hapo kwa muda mrefu kuliko wengine, mkae naye. Lakini siku ile hapakuwa na mwalimu. Alikuwepo Zubery, ameinama juu ya ukurasa.

"Na hili?" akauliza, akagusa neno jingine.

Asia akakishika kidole, akakirudisha mlangoni. Wakaanza tena.

Walipomaliza, Zubery akaniambia bila kunitazama, "Ndivyo tunavyofanya na sisi, mama. Ukipotewa na wavu ziwani huzunguki ovyo. Unarudi mpaka uione ile taa ya nchi kavu unayoijua, halafu unatoka upya." Akakwangua kovu la kidole. "Sikujua kwamba na yeye ana pa kurudia."

Simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa ya Kibirizi. Sauti ya binti yangu haihitaji simu, tuliisikia sote.

"Zubery! Huyo mtoto analetwa lini? Kunguru wananimaliza huku!"

Zubery akamtazama Asia. Asia alikuwa anakunja uso kwa kuwa amekatizwa.

"Dada, hao kunguru wafukuze mwenyewe," akasema. "Mtoto ana kazi."

"Kazi gani?"

"Ananisomesha."

Kikaja kicheko, kikaja na maneno mengine, lakini Asia alikwisha kunyoosha mkono akaichukua simu, akaiweka mkekani uso chini. Mkwe wangu akaja na mwiko wake akakaa. Saumu akatema pindo la kanga, akaniuliza kwa kunong'ona kama sasa anaruhusiwa kusema neno moja tu. Nikamwambia hapana.

Asia akakifunga kitabu, maana kwake kikikatizwa hakiendelezwi katikati. Akatazama mkono wake mtupu, akakifungua upya upande ule ule, akakishika kidole cha baba yake.

"Ngoja, baba," akasema. "Polepole."

Na Zubery, siku zote za mwezi mkubwa zikiwa bado mbele yake, akangoja.